Choo cha lita 6, bomba la inchi 4, na mzigo unaokwama katikati

Jumapili moja asubuhi natoka chumbani nakuta watu wanne uani wameshika viuno wanaitazama chemba, na harufu yake sina haja ya kuieleza. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba vimepangana kama mabehewa, kila mtu na choo chake ndani, na miezi michache kabla ya hapo mwenye nyumba alikuwa ametoa vyoo vyote vya zamani, vile vya tenki kubwa juu ukutani unavuta kamba mtaa mzima unajua umemaliza, akaweka vya kisasa vya batani mbili, ndogo lita 3 kubwa lita 6. Alitangaza kabisa kwenye grupu la wapangaji kwamba bili ya maji itashuka. Na bili kweli ilishuka, tusimnyime haki yake. Ila chemba ndo ikaanza kutapika.

Hukumu ilishatoka kabla fundi hajafika. Dada wa chumba cha tatu alisema yeye alijua tu, hivi vyoo vya maji ya kijiko ni urembo, turudishiwe vya kamba. Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa upande wao, siwezi kudanganya.

Fundi alikuwa mzee, kavaa gambuti, hana maneno mengi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye chemba. Akazibua kwa waya mpaka maji yakashuka, akatoa na rundo la waipsi za mtoto ambazo hakuna mwenye mtoto aliyezikubali, halafu badala ya kufunika na kudai hela yake akamtuma kijana wake chumba cha mwisho kabisa: "Tupia tishu kama watu wanavyotupiaga, vuta kubwa." Akaniita, "Njoo uone hapa mwanangu."

Tukainama kwenye chemba ya katikati, ambayo chini yake kuna ule mfereji wa nusu bomba. Kwanza ikaja sauti, halafu maji, yakapita mbio, kina chake kama vidole viwili. Nyuma yake likaja bonge la tishu likitembea taratibu, likajikokota, likasimama katikati ya mfereji. Maji yaliyokuwa bado yanakuja yakajikusanya mgongoni kwake, yakapanda kidogo, yakalisukuma kama hatua moja, yakachuruzika pembeni, likasimama tena. Basi, kimya.

"Choo kimemaliza kazi yake," mzee akasema. "Bomba ndo halijamaliza."

Hayo maneno yamenifanya nikae wiki kadhaa nasoma habari za vyoo kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kusoma, na nilichokikuta ni kwamba tulichokiona pale kwenye chemba ndo watu wenye digrii zao wamekihangaikia kwa zaidi ya miaka 30.

Iko hivi. Maji ya kuflashi yana kazi mbili na wengi wetu tunaiona moja. Ya kwanza ni kuutoa mzigo kwenye sinki la choo, yaani ukichungulia uone peupe. Ya pili huioni, ni kuubeba huo mzigo ndani ya bomba lililolala chini ya sakafu na chini ya uwanja mpaka ufike kwenye septiki au kwenye bomba la mtaa. Kwa miaka mingi watengeneza vyoo wamepambana zaidi na ile ya kwanza, maana mnunuzi anaihukumu hapohapo bafuni. Ya pili anakutana nayo fundi, miezi mingi baadaye, siku ya Jumapili.

Waliokutana na hili kwa ukubwa ni Wamarekani. Vyoo vyao vya zamani vilikuwa vinakula galoni 5 mpaka 7 kwa mvuto mmoja, yaani lita 19 mpaka 26, ndoo nzima ya kuchotea maji kwa haja moja ya mtu mmoja. Baadaye vikashuka mpaka galoni 3.5, lita 13 hivi. Halafu mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya nishati, Rais George H. W. Bush akaisaini, na humo ndani kulikuwa na kifungu cha choo: kuanzia Januari 1994 choo kipya cha nyumbani kisizidi galoni 1.6, ambazo ni lita 6. Sasa viwanda vingi vikachukua sinki lilelile lililochorwa kwa ajili ya lita 13 vikapunguza maji tu, ambayo ni sawa na kuupikia wali wa kilo moja maji ya nusu kilo halafu ukashangaa una kiini.

Watu walivuta mara mbili, mara tatu. Wengine wakawa wanavuka kwenda Kanada kununua vyoo vya zamani wanarudi navyo nyuma ya gari. Mbunge mmoja wa Michigan, Joe Knollenberg, akapeleka muswada mwaka 1999 wa kukifuta kile kifungu, haukufika mbali. Hata Desemba 2019 Rais Trump alikuwa bado analalamika mbele ya waandishi kwamba watu wanavuta mara 10, mara 15. Lakini kufikia wakati huo lile lalamiko lilikuwa limeshapitwa na wakati. Miaka ya 2000 vyoo vilichorwa upya, njia ya kutokea ikapanuliwa, valvu ya chini ya tenki ikawa kubwa ili maji yashuke kwa kishindo badala ya kujivuta, na mwaka 2003 wahandisi wawili, Bill Gauley na John Koeller, wakaanzisha kipimo cha kuvishindanisha vyoo kwa kuvisukumizia donge la soya iliyosagwa na kuchachushwa, lile linaloitwa miso, limefungwa kwenye ngozi nyembamba kama soseji. Choo kinaongezewa gramu mpaka kishindwe. Nimecheka sana kusoma hilo, ila ukifikiria, wangetumia nini kingine? Inatakiwa kitu kinachofanana na chenyewe kwa uzito na ulaini, na kinachofanana leo na kesho. Sasa hivi choo kikitaka alama ya WaterSense, ya mamlaka ya mazingira ya kule, lazima kiondoe gramu 350 kwa mvuto mmoja wa lita 4.8 tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza imeshatatuliwa. Choo kizuri cha leo cha lita 4.8 kinasafisha kuliko kile cha kamba cha lita 13, na kama chako hakisafishi ujue umeuziwa kibovu.

Kazi ya pili ndo yenye maneno. Siyo kwamba ilisahaulika kabisa. Kwenye viwango vya Marekani kuna kipimo cha bomba: unafunga choo kwenye bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 18, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, unaweka ndani ya choo gololi 100 za plastiki zenye kipenyo cha milimita 19, unavuta, halafu unapima zimefika wapi. Zikienda kwa wastani mita 12 na ushee, umefaulu. Gololi! Zinabingirika zenyewe, hazinyonyi maji, hazishikani, hazina tishu. Mtu yeyote aliyewahi kuzibua choo anajua kwamba kule chini hakuna kinachobingirika.

Kinachotokea kwenye bomba kikweli wamekichunguza sana Waingereza, hasa John Swaffield na wenzake pale chuo cha Heriot-Watt, Edinburgh, nao wao wana sababu maana tangu 2001 choo kipya kule mwisho lita 6. Mvuto wa choo unatoka kama wimbi. Kwenye mita za mwanzo wimbi ni nene na lina kasi, linaubeba mzigo karibu uelee. Kadri linavyokwenda linajinyoosha, linakuwa refu na jembamba, kama maji ukiyamwaga sakafuni, kina kinashuka, na mzigo unaanza kugusa chini. Ukigusa chini unaburuzwa, na ukiburuzwa kasi yake inapungua kuliko ya maji, ukisimama maji yanapita pembeni yake. Hapo kama bado kuna maji ya kutosha nyuma, yanajaa mgongoni kama bwawa dogo, bwawa likipanda vya kutosha linausukuma mzigo mbele, bwawa linavunjika, unasimama, linajengeka tena. Ndo kile nilichokiona kwenye mfereji. Bwawa linalotembea.

Ukilielewa hilo bwawa umeelewa karibu kila kitu kingine kwenye hii habari, kwa sababu swali siyo tena "lita ngapi zimetoka kwenye tenki", swali ni kina kipi cha maji kinajengeka nyuma ya mzigo mahali ulipokwama. Na hapo vinaingia vitu ambavyo havipo kabisa kwenye boksi la choo: upana wa bomba, mteremko, umbali mpaka kwa jirani, na nani mwingine anamwaga maji humo.

Upana kwanza. Mtu akiona bomba linaziba wazo la haraka ni aweke kubwa zaidi, inchi 4 itolewe iwekwe 6. Ni kosa. Lita 6 ndani ya bomba pana zinasambaa zinakuwa karatasi, hazinyanyui chochote, bwawa halijengeki kwa sababu pembeni kuna nafasi ya kupitia. Inchi 4 yenyewe tumeirithi kutoka enzi za vyoo vilivyokuwa vinakula mara mbili au tatu ya maji ya leo. Tumebadilisha abiria, basi ni lilelile.

Mteremko. Hapa mafundi wengi wana imani moja, nami nimeisikia tangu mdogo, kwamba bomba likiinama sana maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma, kwa hiyo afadhali liwe la kulala lala. Sasa mwaka 2012 ulitoka utafiti wa PERC, umoja wa vyama vya mafundi bomba, wahandisi na watengenezaji wa Marekani, walifunga bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 41, wakawa wanavuta choo cha kupimia mvuto baada ya mvuto, soya na tishu, kwa lita 6, kwa 4.8 na kwa 3, kwenye mteremko wa sentimita 1 kwa mita na kwenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita. Ule wa sentimita 2 ulibeba vizuri zaidi. Kwa hiyo kama fundi wako anakwambia analaza bomba ili mzigo usiachwe, mwambie taratibu, kwa heshima, ashike pima maji ashuke mpaka sentimita 2 kwa mita angalau. Mita 10, sentimita 20. Hesabu ya shule ya msingi, na ndo inayokosewa kila siku, kwa sababu kila sentimita ya kushuka ni jasho la kuchimba.

Kuna vitu vingine viwili kwenye utafiti ule vilinishangaza. Cha kwanza, mambo ambayo watengenezaji wa vyoo wanayatangaza sana, kwamba choo chetu kinamwaga kwa kasi zaidi, au kinaacha maji mengi yafuate nyuma ya mzigo, kwenye bomba refu hayakuonyesha tofauti ya maana. Ukienda mita 20 mbele bomba halikumbuki choo kilimwaga vipi. Cha pili ni tishu. Waligundua kwamba aina ya tishu ina nguvu kubwa, karibu kulingana na mambo mazito kama wingi wa maji na mteremko: tishu ambayo ikilowa bado ni imara, ile laini ya bei mbaya ya tabaka nyingi, inashikamana inakuwa kizibo, na ile dhaifu inayosambaratika ikiguswa na maji inapita. Yaani unaweza ukabadilisha bomba zima kumbe ungebadilisha duka la tishu.

Na hapa ndo nikamkumbuka bibi yangu na kopo lake. Sisi wa pwani, na Waislamu popote walipo, na siku hizi hata wengine wengi baada ya ile mipira ya kutawazia kuingia madukani, tunatumia maji. Kwenye mahesabu ya Wamarekani choo ni mzigo na tishu, kwetu mara nyingi ni mzigo na kopo. Yaani tunapunguza kizibo, tunaongeza maji lita moja na zaidi ambayo hayaandikwi kwenye kipimo chochote cha kiwanda. Mimi nadhani hii ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi za huku kuishi na vyoo vya maji kidogo bila vurugu, na inakuwa shida pale mnapochanganyika, huyu anatumia tishu nusu roli, yule ana waipsi, bomba ni moja. Waipsi msiziweke kabisa kwenye hii hesabu. Nyingi zina nyuzi za plastiki, hazikatiki kirahisi, hata ziandikwe nini kwenye pakiti, zinasokotana kule ndani zinakuwa kamba.

Turudi kwenye lita, maana kuna watu wataondoka hapa wakisema nimetetea vyoo vya maji kidogo bila mipaka. Kuna mpaka. Kwenye ule utafiti lita 6 na lita 4.8 zilikwenda kwa mpangilio, mzigo unasogea, unasimama, mvuto unaofuata unausogeza tena, unaweza hata kukisia mvuto wa ngapi utautoa. Waliposhuka lita 3 mambo yakavurugika, mara unapita mara unakaa, hakuna anayeweza kutabiri. Na ile batani ndogo? Ile ni ya haja ndogo, na mtu aliyeanza kuziuza kwa mafanikio ni Bruce Thompson wa Caroma, Australia, mwaka 1980, na wakati huo batani kubwa ilikuwa lita 11 na ndogo 5.5. Ndogo ya kwake ilikuwa inakaribia kubwa ya leo. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kubonyeza ndogo kwa kila haja kwa sababu unabana bili, wewe ndo choo cha lita 3 kwenye ile maabara.

Na mzigo kuchukua mivuto kadhaa kufika siyo ugonjwa. Hili watu hawalijui. Bomba refu halijawahi kusafisha kila kitu kwa mvuto mmoja, hata enzi za kamba. Mzigo wako unasukumwa na mvuto wa jirani, na wa jirani unasukumwa na ndoo ya mtu anayefua. Mfumo mzima unategemea majirani. Mahali pa hatari ni choo kimoja kilichokaa peke yake mwisho wa bomba refu, hakuna anayemwaga nyuma yake: choo cha walinzi getini, choo cha ofisi kinachotumiwa na watu wawili kwa siku, chumba cha mwisho kwenye nyumba kama yetu. Pale mzigo unakaa, maji yanajichuja, unakauka, wa kesho unakuja unapanda juu yake.

Ushahidi mzuri wa hilo uko kwa watu wenye maji machache kuliko Wamarekani. Kule Brazil mji wa Natal, mwanzoni mwa miaka ya 80, walianza kulaza mabomba ya majitaka membamba, ya inchi 4, hayazami sana, yakipita nyuma ya nyumba za mtaa maskini na kuunganisha nyumba baada ya nyumba. Mtu angetegemea yazibe. Hayakuziba kama mtu angetegemea, kwa sababu bomba ni jembamba, nyumba zimebanana, na kila nyumba ikimwaga maji ya vyombo bwawa linajengeka linatembea. Mfumo wa aina hiyo umefika mpaka Vingunguti, Dar es Salaam. Ukipita juu yake hujui kama upo.

Sasa ugeuze upande wa pili uone mabomba makubwa yakikosa maji. San Francisco mwaka 2011 kulikuwa na kelele za harufu mitaani, na lawama zikapelekwa kwa vyoo vya maji kidogo. Lakini mabomba ya mji ule yamejengwa yabebe majitaka na maji ya mvua pamoja, kwa hiyo ni mapana sana, na kiangazi mvua hakuna, kinachobaki ni mchirizi chini ya handaki. Choo kimechangia, sikatai. Kumtwisha lawama yote ni kama kulaumu mto kwamba daraja ni refu.

Huku kwetu tuna kifaa ambacho hakipo kwenye tafiti zao, nacho ni ndoo. Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yaliposhuka Dar ikaingia kwenye mgao, na nyumba zenye vyoo vya kisasa zikarudi kwenye ndoo kama zamani. Wengi wanamwaga kidogo kidogo, kikombe, kikombe, kwa uchungu wa maji, na hiyo ndo namna mbaya kuliko zote. Maji ya ndoo yaliyomwagwa kwa pole yanachuruzika tu, hayajengi wimbi, unaweza ukamaliza lita 10 mzigo unakutazama. Lita 5 ulizozimwaga kwa mkupuo kutoka usawa wa kiuno, zikilenga palepale kwenye tundu, zinafanya kazi kuliko hizo 10. Vyoo vya kuchuchumaa vya kumwagia maji vinaishi kwa lita 2 au 3 tu, ila hivyo bomba lake ni fupi, mita chache mpaka shimoni. Na vile visahani vya SATO vyenye kifuniko kinachojifunga chenyewe vinatumia chini ya lita moja kwa sababu vinadondoshea shimoni moja kwa moja, hakuna safari ya kusafiri. Choo cha ndege nacho kinatumia maji kidogo hivyohivyo lakini kinachobeba kule ni hewa inayofyonza. Maji kidogo yanawezekana kabisa, ilimradi uwe na jibu la nani atabeba.

Na faida ipo, tusijisahaulishe. Familia ya watu watano wakivuta mara tano tano kwa siku ni mivuto 25. Kwa choo cha lita 13 ni lita 325, ndoo 16 na zaidi. Kwa lita 6 ni 150. Kwa 4.8 ni 120, ndoo sita. Kwa mtu anayenunua maji ya boza hiyo siyo habari ya kuokoa dunia, ni hela ya unga. Jiji la New York katikati ya miaka ya 90 liliwalipa wenye nyumba wabadilishe vyoo, vikabadilishwa kama milioni 1.3, maana kulipia vyoo vya watu kulikuwa nafuu kuliko kwenda kutafuta maji mapya. Na kwa sisi wa septiki kuna faida ya pili ambayo haisemwi: maji yakiingia machache tope linapata muda wa kutulia, shimo la kunyonyea linapumua, lori la majitaka unaliita mara chache. Ila angalia raba ya chini ya tenki. Ikivuja glasi moja kwa dakika, robo lita, kwa siku ni lita 360 zimekwenda kimya kimya, umerudi kulekule kwenye choo cha bibi na hata kuvuta hujavuta. Tia tone la rangi ya chakula kwenye tenki, kaa nusu saa usivute, ukikuta rangi imeshuka kwenye sinki badilisha raba.

Mzee hakunihubiria yote haya, mengine ni ya kusoma kwangu. Yeye alichukua mpira wa kupimia usawa, ule mrefu unaoonyesha maji, akapima kutoka chemba ya kwanza mpaka ya pili. Mita 14. Limeshuka sentimita 9. Ilitakiwa 28. Halafu akapima kutoka pale mpaka kwenye septiki, mita mbili hivi, na hapo bomba lilikuwa limeinama kama mtelezo wa watoto. Fundi aliyejenga alikuwa na kina chote anachokihitaji, ila alikwepa kuchimba, akalilaza bomba juu juu akaja kulidondosha lote mwishoni. Miaka yote ile lita 13 za kamba zilikuwa zinamfichia aibu yake. Zilipopungua tu ikaonekana.

Na kulikuwa na la pili, hili tuliligundua tukiwa tumeshaanza kucheka. Mwenye nyumba, katika ileile kampeni yake ya kubana maji, alikuwa ameyatoa maji ya bafu zote kwenye bomba akayaelekeza kwenye migomba nyuma ya ukuta. Wazo zuri, migomba ilikuwa inang'aa. Ila kwa mkono mmoja kapunguza maji ya choo, kwa mkono wa pili kaondoa maji ya kuoga yaliyokuwa yanasukuma, bomba likabaki na kazi ileile na wabebaji wawili wote wamefukuzwa.

Walichimba siku mbili. Bomba likalazwa upya sentimita 2 kwa mita, lilelile la inchi 4, vyoo vilevile vya batani mbili, na bafu moja tu, la chumba cha mwisho ambacho hakina mtu nyuma yake, likarudishwa kwenye laini ya choo. Mifuniko ya zege imerudishwa, dada wa chumba cha tatu hajasema tena kuhusu kijiko. Kila jioni mama wa chumba cha mwisho akimaliza kumwogesha mtoto anamwaga beseni zima kwa mkupuo, na ukikaa uani unayasikia maji yakipita chini ya mfuniko wa chemba ya katikati, yakiburuta chochote alichokiacha mtu mchana.